Jibu: Dawa isiyofyonzwa inashushaje kolesteroli?

Ndugu, umeuliza dawa isiyoingia hata kwenye damu inawezaje kushusha kolesteroli ya damu. Mambo yote yako kwenye nyongo. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli, na asilimia 95 hivi ya asidi hizo hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba. Kolestiramini, dawa ya aina hiyo isiyofyonzwa, ina chaji chanya, na asidi za nyongo zina chaji hasi, hivyo huzinasa na kutoka nazo kwenye kinyesi. Ini likipungukiwa asidi hizo, huvuta kolesteroli ya damu litengeneze nyingine. Selulosi ya kawaida (nyuzi za mimea, nazo hazifyonzwi) hainasi kitu cha maana, ila ikipachikwa vikundi vya amini, vyenye chaji chanya, hufanya kazi ileile.

Ukijaribu dawa hizi kwa panya, angalia: ini lao hufidia haraka kwa kuunda kolesteroli mpya, kwa hiyo kipimo cha damu huenda kisishuke sana. Mimi ningepima pia asidi za nyongo kwenye kinyesi.