Seli saba kwa miezi 14: Aqua yangu niiuze?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ninafanya biashara ya viazi mviringo na ndizi. Nachukua Tukuyu na Isyonje, napeleka Mwanjelwa kwa Toyota Aqua ya 2013, karibu mara nne kwa wiki. Matumizi yote naandika kwenye daftari. Kwa miezi 14 nimetembea kilomita 31,000, nimeweka petroli lita 1,500, na nje ya mafuta gari limekula shilingi 3,180,000. Humo ndani betri kubwa peke yake ni 1,340,000: Machi seli mbili kwa 380,000, Agosti seli tatu kwa 510,000, Januari seli mbili kwa 450,000. Zilizobaki ni matairi manne, bima, oili, bushi na shokabusoba za mbele. Wiki hii taa ya onyo imewaka tena. IST niliyokuwa nayo zamani ilinipa kilomita 13 kwa lita, lakini haikuwa na mambo haya. Betri nzima nimetajiwa 2,600,000, nikaogopa. Fundi wangu anasema nikichoka atautoa mfumo wa haibridi, ibaki injini tu. Niuze, niutoe, au niongeze seli nyingine? — Mama Viazi, Tukuyu.

JIBU: Mama, gari usiuze, na seli ya nane usinunue; kinachotakiwa ni betri nzima. Huyo fundi mwambie asante, uchukue ufunguo wako.

Hongera kwa daftari. Hapa Uyole napokea magari ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kila wiki, na mwenye kujua alifunga kitu gani gari likiwa na kilomita ngapi ni wa kutafuta kwa tochi. Wengi wanajua tu kwamba "limenimaliza". Kwa hiyo nakujibu kwa namba zako mwenyewe.

Tuanze na zile 1,840,000 ambazo si za betri. Tairi haijui kama injini inasaidiwa na mota ya umeme. Bushi za mbele zinakufa kwa mashimo ya barabara na kwa uzito wa viazi. Bima na oili ungelipia hata kwenye IST. Hizo zitoe kwenye lawama. Tena angalia ambacho hakimo kwenye daftari lako: breki pedi. Kilomita 31,000 za kupanda na kushuka Isyonje na hujanunua pedi, kwa sababu mteremkoni mota ndiyo inayokushikilia gari huku ikirudisha chaji kwenye betri. Daftari huandika ulicholipa, halina safu ya ulichokwepa kulipa.

Mafuta nayo. Kwa lita 1,500 umepata wastani wa kilomita 20 na kidogo kwa lita. IST yako kwa kilomita 13 ingekunywa lita 2,385 kwa safari zilezile, yaani lita 885 zaidi. Bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hubadilika kila mwezi na huku kwetu huwa juu kuliko Dar es Salaam, ila chukua 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi: unapata kama 2,650,000. Mama, hiyo ndiyo bei ya betri nzima uliyoiogopa. Gari limeshakulipa hela hiyo ndani ya miezi 14, wewe hukuiona kwa sababu ilibaki mfukoni kidogokidogo.

Sasa nije kwenye jambo linalonipandisha presha. Kile mafundi wanachokiita seli ni moduli, na ndani ya kila moja kuna seli ndogo sita. Betri ya Aqua yako ina moduli 20, kila moja volti 7.2, zimeunganishwa mstari mmoja mpaka kufika volti 144. Toyota Prius, haibridi nyingine, ya kizazi cha pili na cha tatu ina 28. Kwenye mstari wa namna hiyo umeme uleule unapita kwenye moduli zote, hakuna ya kukaa pembeni kupumzika. Ni kama watu wanaopokezana tofali kutoka kwenye lori: akichoka mmoja, kazi yote inayumba. Ukimtoa ukaweka kijana mwenye nguvu, wale 19 wengine hawajarudi ujana. Walianza kazi siku moja na huyo aliyeanguka, wamekula joto lilelile, na anayefuata kuanguka ameshaanza kutetemeka. Ndiyo maana Machi mbili, Agosti tatu, Januari mbili. Tena hizo "mpya" ulizofungiwa karibu zote hutolewa kwenye betri nyingine iliyokufa. Zinaoshwa, zinafutwa vumbi, zinaitwa za Japani.

Kuna kazi halali ya kufufua betri, sikatai. Moduli zote zinatolewa, zinachajiwa na kumaliziwa chaji mara kadhaa kwenye mashine, zinapimwa kila moja ikiwa imebebeshwa mzigo, halafu zinapangwa zinazolingana uwezo. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa na hata hivyo ni ya kusogeza muda tu. Anayekupokea saa nne asubuhi na kukurudishia gari saa tisa alasiri hajafanya hayo. Ametafuta moduli yenye volti ndogo kuliko wenzake, kaitoa, kaweka nyingine, kachomeka kimashine cha kusomea makosa na kuifuta P0A80, namba ya kosa la betri kubwa. Taa imezimika, mmezunguka mtaa mara mbili, umelipa. Kompyuta ya gari haijadanganywa, imesahaulishwa tu. Inaanza kupima upya, na ikishajiridhisha inaiwasha tena. Wakati huo kanjanja ameshakula hela yako.

Rudi kwenye daftari. Gawanya 1,340,000 kwa kilomita 31,000 unapata shilingi 43 kwa kila kilomita. Betri nzima ya 2,600,000, hata ikudumu kilomita 80,000 tu, ni shilingi 32 na senti. Umekuwa ukilipa ghali zaidi kwa viraka kuliko kwa nguo mpya, na bado taa inawaka. Namba hizo zilikuwa mbele yako tangu Agosti. Zilijificha kwa sababu ulijumlisha shilingi bila kuzigawa kwa kilomita.

Kuna kitu kingine kimenishangaza. Betri za aina hii adui yao mkubwa ni joto, na Tukuyu ni mahali pa mvua nyingi na baridi. Kwa nini betri yako inakufa kama ya teksi ya Kariakoo? Jibu umelitaja bila kujua: viazi. Betri ya Aqua iko chini ya siti ya nyuma, na pembeni mwa siti hiyo, kwa chini, kuna tundu lenye vijinafasi. Hapo feni inavuta hewa ya ndani ya gari ili kuipoza betri. Ukiegemeza gunia pale, umeiziba pua. Na udongo mkavu unaodondoka kwenye viazi unavutwa wote, unaganda kwenye feni mpaka inazunguka bila kuvuta kitu. Fundi wako amefungua betri hiyo mara tatu. Katika daftari lako hakuna hata shilingi elfu kumi ya kusafisha feni. Hapo nilijua ni mtu wa aina gani.

Hili la kutoa mfumo ubaki na injini ndilo ninalolisikia kuanzia Makambako mpaka Tunduma, na ningependa anayelisema aniambie gari litawaka vipi. Aqua haina stata ya kawaida. Haina alteneta. Haina hata gia ya kurudi nyuma. Kurudi nyuma ni mota inazungushwa upande wa pili. Injini yenyewe inawashwa na mota jenereta iliyo ndani ya gia boksi, kwa umeme wa hiyo betri kubwa. Ukiitoa betri umebaki na banda la kuku lenye vioo. Nimeshaletewa mawili ya namna hiyo kwa kamba, nyaya zimekatwa kwa koleo, na wenyewe walikuwa wamelipia ufundi.

Tena nyaya zenyewe ni zile za rangi ya chungwa, ambazo hazikupakwa rangi hiyo kwa urembo. Volti 144 za betri zinaua, na inveta ya Aqua, kifaa kinachoandaa umeme wa betri kwa ajili ya mota, inazipandisha hadi volti 520, ya Prius ya kizazi cha tatu hadi 650. Fundi anayejua kazi anachomoa plagi ya usalama, anaiweka mfukoni mwake, anasubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe, anapima kwa mita, ndipo anagusa akiwa na glavu za mpira za umeme. Ukimwona amevaa ndala na ana spana mkononi dakika ya pili baada ya kufungua boneti, ondoka na gari lako. Usibaki hata kumshuhudia. Vijana wengi waliojifunza kwa kutazama video wanadhani wakizima gari wameumaliza umeme. Na wewe mwenye gari ukimpa kazi kwa sababu bei yake iko chini, umechangia.

Wakati wa kununua betri nzima, omba karatasi ya vipimo vya kila moduli kabla ya kufungwa na baada, na udhamini ulioandikwa kwa miezi na kwa kilomita. Akisema "niamini", ahirisha. Daftarini ongeza safu mbili: kilomita za siku ya kazi, na namba ya kosa iliyosomwa kabla haijafutwa. Inveta ina chupa yake ya kulanti (maji ya kupozea), tofauti na ile ya injini. Iandikie mstari wake, maana kuna wanaoijaza maji ya mto halafu wanashangaa inveta inapounguza hela kuliko betri.

Kabla ya kulipa chochote wiki hii, toa mfuniko wa lile tundu la siti ya nyuma, upige picha feni jinsi ilivyo, kisha isafishwe na moduli zipimwe upya moja moja. Kusafisha hakutafufua zilizokufa, lakini bila hivyo hata betri mpya utaiua kwa viazi vilevile. Magunia yahamie buti.