Slaidi zinazokataa kufunguka

SWALI: Niliweka masomo ya slaidi (.pptx) kwenye tovuti ya shule yetu. Wazazi wengine faili linashuka tu kwenye simu bila kufunguka, wengine wanaona maandishi yamevurugika. Nifanyeje? — Mwalimu, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mwalimu, kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) kwenye simu hakisomi faili la .pptx chenyewe, hulipakua tu. Maandishi nayo huvurugika kwa sababu simu haina fonti (mtindo wa herufi) uliyotumia, ikaweka nyingine yenye upana tofauti.

Geuza slaidi ziwe PDF, aina ya faili inayohifadhi ukurasa kama ulivyoupanga. Chrome, Firefox, Edge na Safari zote huisoma kwenye kompyuta, na fonti husafiri ndani yake. Katika LibreOffice (programu ya bure ya kuandalia slaidi) ya Kifaransa: Fichier, Exporter vers, Exporter au format PDF, chagua ubanaji wa picha wa JPEG wenye ubora 80, na picha ziwe 150 DPI (nukta kwa inchi). Usipuuze hatua hiyo: picha za kamera ndizo zinazonenepesha faili, na mzazi analipa kila megabaiti.

PDF huua miondoko na sauti. Ikiwa somo linazitegemea, toa video ya MP4 katika PowerPoint: Fichier, Exporter, Créer une vidéo, 480p (ubora mdogo, faili jepesi). Weka sekunde za kutosha kwa kila slaidi. Zile 5 za kawaida hazimtoshi mtoto anayenakili.

Jina la faili lisiwe na nafasi wala herufi kama é: somo-3.pdf.