Maji ya beseni na timazi ya fundi

SWALI
Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi ujenzi, naishi Nyakato, Mwanza. Mdogo wangu kila usiku anabishana na watu kwenye simu kwamba mvutano wa dunia haupo, eti vitu huanguka kwa sababu tu ni vizito kuliko hewa. Na athari ya Coriolis, ile inayosemwa huzungusha maji upande mmoja kaskazini mwa ikweta na upande wa pili kusini kwa sababu dunia inazunguka, anaiita uongo, maana maji ya sinki letu leo yanazungukia kulia, kesho kushoto. Kwa maneno simuwezi. Nimjibuje?
Fundi wa Nyakato

JIBU
Marahaba, fundi. Kwenye sinki mdogo wako kaona sawasawa, mwachie ushindi wake. Sinki halimjui Coriolis. Linafuata ulivyomimina maji, umbo lake, na mkono uliochomoa kizibo. Niliwahi kusimama Kayabwe, Uganda, kwenye mstari wa ikweta, ambako vijana huwaonyesha wageni beseni: hatua chache kaskazini maji yanazunguka huku, hatua chache kusini yanazunguka kule. Wenzangu walitazama ua lililoelea. Mimi nilitazama jagi. Upande mmoja kijana alimimina akiegemea ukingo wa kulia, upande wa pili ukingo wa kushoto, kwa hiyo maji yalishaanza kuzunguka kabla tundu halijafunguliwa. Iliniuma, kwa sababu habari hiyo ya sinki nilikuwa nimeifundisha kidato cha pili miaka mingi.

Lakini Coriolis yupo. Mwaka 1962 mhandisi Ascher Shapiro, kule Massachusetts, Marekani, alijaza beseni lenye upana wa karibu mita 1.8, akaliacha litulie saa 24, ndipo akafungua tundu dogo katikati. Dakika kadhaa kimya. Kisha kijiti kilichoelea kikaanza kuzunguka kinyume cha saa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney, Australia, kusini mwa ikweta, walirudia kwa subira ileile, kwao kikazunguka kama saa. Sisi Mwanza tuko digrii 2.5 tu kusini mwa ikweta, na nguvu hiyo kwetu ni kama sehemu moja ya 15 ya ile ya Shapiro. Pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye waya, aliyoining'iniza mwanafizikia Foucault jijini Paris mwaka 1851, mstari wake wa kubembea uligeuka polepole kwa sababu dunia inazunguka, ukahitaji saa 32 hivi kumaliza duara. Hapa kwetu ingehitaji siku 23! Ndiyo maana usiitafute jikoni. Itafute kwenye mambo makubwa: Kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu Mei 2024 kilizunguka kama mishale ya saa, kama vimbunga vyote vya kusini mwa ikweta.

Kwenye mvutano simwachii kitu. Densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, inaeleza kipi kizame na kipi kielee; haisemi chini ni upande gani. Timazi yako ndiyo inayosema, na wewe unajenga ukuta kwa kuiamini. Mwaka 1798 mwanasayansi Henry Cavendish, London, aliandika matokeo yake: alining'iniza ufito wenye vitufe viwili vya madini ya risasi kwa waya mwembamba, akasogeza karibu matufe mawili makubwa ya risasi, kila moja kilo 158 hivi. Vitufe vikayasogelea. Kwa ubavu, fundi, si kwenda chini. Hewa ilikuwa ileile pande zote, sasa densiti ilivisukuma vipi?

Kama habari za Cavendish hazimtoshi, chukueni chupa ya plastiki ya lita moja, toboa tundu kwa msumari karibu na kitako, jaza maji, usiweke kifuniko. Ziba tundu kwa kidole, panda jukwaa lako la ujenzi, hakikisha hakuna mtu chini. Ukitoa kidole maji yanaruka nje. Sasa iachie chupa, yeye akirekodi kwa simu, mwendo wa polepole. Ikiwa hewani, maji yanakatika pale tunduni, na bado ni mazito zaidi ya mara 800 kuliko hewa iliyoyazunguka. Maji na chupa vinavutwa pamoja, kwa kasi moja, kwa hiyo hakuna kinachoyakandamiza yatoke. Rudieni mara tatu nne, maana mara ya kwanza chupa hupinduka na picha haionekani vizuri.