Mlalamikie Mungu kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wiki nzima imekwenda kombo: gari limeharibika, mkuu wako wa kazi amekukemea mbele ya wenzako, na mtoto halali kwa mafua, kisha unaniuliza kama si unafiki kupiga magoti usiku na kumshukuru Mungu ilhali moyo wako umejaa hasira.

Ni unafiki, ikiwa unashukuru ili kuificha hasira hiyo, wala hujalazimishwa kuificha. Fungua Zaburi ya 13 uone jinsi mwimbaji anavyomuuliza Mungu "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya mwanzo, bila kuomba radhi, na bado zaburi hiyo, yenye mistari sita tu, inaishia kwa wimbo. Mimi nilichelewa kulielewa hilo. Kwa miaka mingi nilitanguliza shukrani kwa kuwa nilifundishwa kwamba ndiyo adabu, kisha nikalala na kinyongo changu kikiwa kizima. Siku hizi natanguliza malalamiko, tena nikitaja kila kitu kwa jina lake, na nikimaliza ndipo hugundua kuwa mambo niliyodhani hayahesabiki yalikuwa matatu.

Usijifariji, tafadhali, kwa kusema kuwa wako wenye shida kuliko wewe. Watu wema husema hivyo (marehemu bibi yako alikuwa hodari), lakini shukrani inayoegemea unyonge wa mwingine ni ile ya Farisayo wa Luka 18, aliyemshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama watu wengine, na Yesu hakuisifu.

Namwamini zaidi Paulo. Katika 2 Wakorintho 11 anahesabu viboko, kupigwa mawe na kuvunjikiwa jahazi mara tatu, na baada ya hayo yote anaongeza mzigo unaomjia kila siku, yaani wasiwasi juu ya makanisa. Ikiwa mtu aliyekesha katika kilindi cha bahari hakuona haya kuutaja usumbufu wa kila siku, basi gari lako bovu nalo lina haki ya kutajwa. Lakini ni yeye huyohuyo, katika sura ya 4 ya waraka huohuo, anayeiita dhiki yake nyepesi, kwa sababu anaipima kwa utukufu wa milele, hajaipima kwa dhiki ya jirani.

Kwa hiyo usiku wa leo anza na gari, umtaje na huyo mkuu wako, ulie kwa muda unaoutaka. Kisha utaje kitu kimoja tu ulichopewa leo bila kukiomba. Mimi nitaitaja barua yako, maana upo wakati ulipokuwa ukiudhika hukuniandikia kabisa. Nijulishe hali ya mtoto.

Mama yako