Maswali na Majibu: Kuhani Aliyesomea Uganga wa Vitabu

Maswali ya leo yanahusu mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, hasa kanuni za mwaka 2014, na yote yanauliza kama mhusika anayechanganya fani mbili (kazi kama kuhani au askari) huwazidi wenzake. Neno "mchawi" huku kwetu halitamkwi ovyo mezani, kwa hiyo nitasema mganga wa vitabu.

Swali: Mchezaji wangu ana ngazi 3 za mganga wa vitabu na 2 za kuhani. Anadai anaweza kurusha Mpira wa Moto, ndumba ya daraja la tatu, kwa kuwa ana nafasi za daraja hilo. Nimkubalie? (Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya)

Jibu: Usimkubalie. Nafasi za ndumba, yaani mara anazoweza kurusha ndumba kabla ya kupumzika, huhesabiwa kwa kujumlisha ngazi zote za fani hizi mbili, na ni kweli kwamba jumla ya 5 inampa nafasi 4 za daraja la kwanza, 3 za la pili na 2 za la tatu. Lakini ndumba anazoweza kuandaa huhesabiwa kwa kila fani peke yake, kana kwamba ile nyingine haipo. Uganga wake wa vitabu unaishia daraja la pili, na ukuhani wake daraja la kwanza. Nafasi 2 za juu atazitumia kuongezea nguvu ndumba ndogo, kama ile ya kuponya majeraha. Mezani kwetu tunahesabu nafasi kwa punje za maharage, na rundo lake hulingana kabisa na la mganga wa vitabu wa ngazi 5. Rundo hilo ndilo linalowatia watu hofu, ilhali mwenzake huyo anaunguza kundi zima kwa Mpira wa Moto wa dadu 8 za pande 6 na yeye bado anadaiwa ngazi 2 za vitabu.

Swali: Askari wa kiapo wa ngazi 2 aliyehamia uganga wa kuzaliwa (fani ya mwenye ndumba za asili, zisizo za vitabu) anamaliza kila zimwi peke yake. Nimzuie? (Msomaji, Mafinga)

Jibu: Kwanza hesabu mapambano mnayocheza kati ya pumziko refu moja, linalorudisha nafasi zote, na jingine. Pigo lake takatifu linakula nafasi moja ya daraja la kwanza kwa madhara ya ziada ya dadu 2 za pande 8, likipanda hadi dadu 5 kwa nafasi ya daraja la nne, naye huamua kulitumia baada ya kujua kwamba silaha imempata adui. Siku ikiwa na pambano moja tu, atamwaga maharage yote ndani ya raundi chache. Weka manne au matano, nawe utamwona akiyasogeza moja moja kwa kidole. Hata hivyo ninakiri kwamba kanuni zenyewe zililegea hapa, na zile za mwaka 2024 zimelifanya pigo hilo kuwa ndumba ya mara moja tu kwa zamu.

Swali: Kanuni za mwaka 2003 hazikuwa bora? (Msomaji, Tukuyu)

Jibu: Zilikuwa kali mno. Nafasi za kila fani zilitengwa, hivyo mwenye ngazi 3 za ukuhani na 3 za vitabu alibaki na ndumba za daraja la pili huku mganga wa vitabu wa ngazi 6 akiwa na za daraja la tatu. Ukizitumia, kazi yako itakuwa kumsaidia mhusika huyo, si kumpunguza.