Mkuu, kabla hujakanyaga theluji ya St. Anton, lipia bima ya uokoaji

Mkuu, habari za ubao wa kutelezea kwenye theluji ziache kwanza. Umesema Desemba unaanza kuosha vyombo kwenye hoteli moja St. Anton, kijiji cha kuteleza theluji kule Tyrol, Austria, siku za mapumziko unataka kujifunza snoubodi, na unauliza nguo za kununua, ubao ununue au ukodi, pisti (njia ya kutelezea) gani inamfaa anayeanza, na tipu zikoje. Sawa. Lakini katikati ya maelezo yako umepachika sentensi moja kuhusu e-card, kadi ya bima ya afya ya Austria, kama vile si kitu: "jamaa ninayekaa naye ameniambia bima isinisumbue, e-card inalipa kila kitu." Hapo nikaweka chai chini.

Huyo jamaa jina lake silijui ila yeye namjua. Wa kwangu alikuwa analala kitanda cha juu, chumba cha wafanyakazi, misimu mingi mgongoni, kila swali ana jibu kabla hujamaliza kuuliza. Buti zibane kiasi gani, jibu analo. Nta ya ubao, analo. Bima? "Una e-card, tulia." Nikatulia. Niliingia mkenge mchana kweupe, mlango wazi na taa zinawaka.

Sikiliza e-card inafanya nini. Inalipa daktari, inalipa eksirei, inalipa upasuaji na kitanda cha hospitali. Ukiumia kwenye michezo, haikulipii safari ya kutoka mlimani mpaka bondeni. Hayo si maneno yangu, ni sheria yao ya bima ya jamii, ASVG, kifungu cha 131: kwa ajali za michezo na utalii, gharama za kumwokoa mtu na kumfikisha bondeni hazirudishwi. Maana yake mfuko wa afya unakusubiri chini barabarani. Kule juu ni wewe, Mungu wako na mwenye helikopta, na mwenye helikopta ana kitabu cha ankara.

Yangu ilikuwa hivi. Desemba, bado mgeni kabisa, nimeshazoea kushuka kwa ukingo wa upande wa kisigino nikaanza kujiona. Siku hiyo nilikuwa najifunza upande wa pili, wa vidole, ambapo uso unaangalia mlima na mgongo ndio unaoangalia bondeni. Ilikuwa saa kumi jioni kwenye Steissbachtal, lile bonde ambalo Waingereza wanaliita Happy Valley, na muda huo kila aliyekuwa juu anarudi kijijini kwa njia hiyo hiyo. Theluji imekwanguliwa na watu tangu asubuhi, chini imebaki barafu na vichuguu. Kwenye ramani ni pisti ya bluu, rangi ya njia rahisi. Usidanganyike na hiyo rangi. Ufaransa kuna kijani chini ya bluu, Austria hakuna, bluu ndiyo ya chini kabisa, na bluu za St. Anton zina sifa ya kuwa ngumu.

Nilifika sehemu tambarare, nikaulaza ubao. Kosa hilo. Ubao ukilala, ukingo wa upande wa bondeni unagusa theluji, ubao unasimama palepale na wewe unaendelea na safari. Nilitua chali, mkono wa kulia uko nyuma yangu. Helmeti ilipogonga barafu mlio niliusikia kwenye meno.

Mtu wa doria ya mlimani alifika, akavua ski zake, zile mbao mbili za kutelezea, akazichomeka kwa msalaba hatua chache juu ya nilipolala. Ni alama ya kuwaambia wanaoshuka wapite mbali. Wakati huo sikulijua hilo. Nimelala chali nauangalia msalaba juu ya kichwa changu, nikawaza kumbe hawa watu hawapotezi muda, hata mchungaji hajafika.

Akaniuliza kama nasikia vidole vya miguu. Nikasema nasikia ganzi. Ukishatamka ganzi, mambo ya kukushusha kwa sleji yameisha. Hakuna atakayekuuliza una bima au huna, na hawatakiwi kuuliza. Na usije ukajifanya mwanaume ukasema "niko sawa" ili kuokoa hela, mgongo hauchezewi. Helikopta ikaja. Kuna watu wanalipa waione Alpi kutoka angani. Mimi nililipa nikaona dari, kwa sababu nilikuwa nimefungwa kwenye godoro na shingo haigeuki.

Hospitalini Zams wakapima: mgongo hauna kitu, ganzi ilikuwa ya kujigonga tu, kilichovunjika ni kifundo cha mkono. Nikashukuru. Hospitali e-card ikalipa kweli, na jamaa wa kitanda cha juu akanijia na ile "nilikwambia."

Wiki chache baadaye ikaja bahasha. Unajua huku elfu zinatenganishwa kwa nukta na senti kwa mkato. Nikaona 4, nukta, tarakimu nyingine, nikajipa moyo: euro nne na senti zake, hawa watu wastaarabu kweli. Ndipo nikauona mkato na sifuri mbili mwishoni. Euro elfu nne na ushee, mkuu. Kwa safari ya dakika chache ambayo hata dirisha sikupewa.

Nikaipeleka kwenye mfuko wa afya kwa matumaini. Wakanijibu barua ya heshima kabisa, yenye namba ya kifungu. Ndiyo maana nakijua kwa kichwa. Nililipa kidogo kidogo mpaka msimu mwingine ukanikuta bado nalipa, na kila sufuria niliyosugua ilikuwa na kipande cha helikopta ndani yake.

Nilikuja kuelewa baadaye ule uongo ulizaliwa wapi, na hii ndiyo sehemu nataka uishike. Jamaa alikuwa amefanya kazi Verbier, Uswisi. Kule mwajiriwa yeyote anayefikisha saa 8 kwa wiki kwa mwajiri mmoja anakatiwa kwa lazima bima ya ajali hata zinazotokea nje ya kazi, na uokoaji umo. Juu yake watu wanachangia Rega, shirika la helikopta za uokoaji, faranga 40 kwa mwaka, na ukiwa mchangiaji Rega inaweza kukusamehe gharama ambazo bima yako haikulipa. Kwa hiyo kule alikuwa sahihi. Akavuka mpaka, akaubeba ushauri wake mzimamzima akautua Tyrol, ambako sheria ni nyingine. Ufaransa nako kuna kituko chake: ukiumia ndani ya pisti, manispaa inakutumia ankara ya waokoaji, ukiumia huko mlimani nje ya eneo la kuteleza, askari wa milima wa PGHM wanakuja bure. Italia tangu 2022 huruhusiwi hata kuingia pisti bila bima ya kulipia utakayemgonga. Milima ile ile, nchi nne, ankara nne tofauti, halafu mtu mmoja kwenye kitanda cha juu anakujibu zote kwa neno "tulia."

Nilipomwonyesha ile ankara unajua alisema nini? "Lakini si ulikuwa na helmeti?" Sijajibu mpaka leo.

Sasa sikia. Jiunge na Alpenverein, chama cha wapanda milima cha Austria, kabla hujafungua hata zipu ya begi la buti. Usitishwe na jina ukadhani ni chama cha wazee wenye fimbo. Ada ya mtu mzima kwa mwaka haifiki euro 100, na ndani yake kuna bima ya uokoaji mpaka euro 25,000, helikopta ikiwemo, na inakufuata hata nje ya Austria. Waokoaji wa milimani wa Tyrol nao wana mpango wao wa wafadhili wenye bima ndani. Chagua wowote, ila lipa kabla hujapanda lifti ya mlimani. Usiniambie "nitalipa mshahara wa kwanza ukitoka." Mshahara wa kwanza unatoka mwisho wa mwezi, na mwanzo wa mwezi ndipo hujui hata kusimama kwenye ubao. Huwezi kulipa? Basi siku ya mapumziko lala, fua nguo, piga simu nyumbani.

Na hilo la mwanzo wa mwezi lina mkia. Mkataba wako huenda ukawa na kipindi cha majaribio mwanzoni. Ndani ya kipindi hicho mwajiri anaweza kukuachisha siku yoyote bila kutoa sababu, hata kama uko kwenye plasta. Nani anamhitaji muosha vyombo wa mkono mmoja wiki ya Krismasi? Na chumba kinakwenda pamoja na kazi. Mimi nilifungasha begi kwa mkono wa kushoto, na buti za ubao nilizokodi zikarudishwa na, unaona mwenyewe, yule yule jamaa. Kwa hilo nampa haki yake.

Halafu kuna watakaokwambia, "wewe si unatoka kwenye Kilimanjaro, theluji iko damuni." Mimi nimekulia Moshi na ile barafu sijawahi kuigusa. Wakikutajia Sabrina Simader, dada mzaliwa wa Kenya aliyeteleza kwa bendera ya Kenya Olimpiki ya Pyeongchang 2018, wakumbushe kwamba amekulia hapahapa Austria na aliteleza tangu utotoni. Wewe unaanza na ndevu.

Haya, maswali yako. Ubao kodi, usinunue, hujui bado hata mguu gani unatangulia. Nguo: jinzi na fulana za pamba acha chumbani, zikilowa hazikauki na utaganda kwenye kiti cha lifti. Ndani vaa sufu au zile za sintetiki, juu kitu kisichopitisha maji. Nunua kinga za vifundo vya mikono zile zenye bapa gumu, maana anayeanza snoubodi huanguka kwa mikono na kifundo ndicho kinachotangulia kuvunjika. Mimi niliambiwa ni za watoto. Kisia na nani. Anzia Nasserein, pale chini kwenye mteremko wa wanafunzi, na lipia mwalimu angalau mwanzoni. Galzig, kule juu mlimani, usiende mpaka uweze kugeuka pande zote mbili bila kuomba dua. Na ukiona kamba imefungwa kuziba njia, usipite chini yake hata kama wenzako wote wamepita.

Kulikuwa na swali jingine, la kuhusu... tipu. Hilo atakujibu aliyefanya kazi ya mezani. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mashine ya sahani, na kama zilikuwa zinagawiwa, njia ya kufika kule hazikuijua.