"Viashiria vya protini" ni viashiria vya nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri kijitabu cha wagonjwa wa saratani, na nimeandika hivi: "viashiria vya protini vya kutabiri kunusurika kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo." Muuguzi mwenzangu kaisoma, anasema haieleweki. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Sarufi yako haina kosa. Maana ndiyo inayoteleza, na inaanza kuteleza mapema, kwenye "vya".

Tukisema "kiashiria cha umaskini", kinachofuata "cha" ndicho kinachoonyeshwa. Kwa hiyo muuguzi aliyezoea kupima mkojo wa wajawazito akisoma "viashiria vya protini", atadhani unazungumzia dalili za kuwapo kwa protini. Wewe umekusudia kwamba protini yenyewe ndiyo inayoashiria. Kwa hilo Kiswahili huweka nomino mbili bega kwa bega: daktari bingwa, kampuni mama, askari kanzu. Andika "protini viashiria", na upatanisho ufuate nomino ya kwanza: protini viashiria hizi zimepimwa, si "hivi vimepimwa".

"Tumbo" nalo ni pana. Anayeumwa tumbo huenda anaumwa utumbo, kizazi au ini. "Saratani ya tumbo" ndivyo watu wasemavyo, basi iache kwenye jalada, lakini ndani fafanua kwamba ni saratani ya mfuko wa chakula, isije ikachanganywa na ya utumbo mpana, ambayo ni ugonjwa mwingine.

Kuhusu "kutabiri", Mamlaka ya Hali ya Hewa hutabiri mvua na hakuna anayelalamika, hivyo silikatazi neno hilo kwenye makala ya wataalamu. (Kubashiri achana nalo; siku hizi limehamia kwenye mikeka ya mpira.) Ila mgonjwa akisoma kwamba protini "inatabiri", ataona siku yake imeshaandikwa maabara. Tumia "kukadiria".

Tena protini hizi hazifanyi kazi moja, na hapa ndipo tafsiri nyingi zinapokwama. CEA, mojawapo ya protini hizo, hupimwa kwenye damu; ikiwa juu, mara nyingi huendana na ugonjwa uliosambaa zaidi. Hiyo iite kiashiria cha mwenendo wa ugonjwa. HER2, protini inayokaa kwenye utando wa seli, ni habari nyingine. Kipande cha uvimbe hutiwa rangi, mtaalamu akatazama kwa hadubini jinsi utando wa seli ulivyokolea, kisha akaandika 0, 1+, 2+ au 3+. 3+ ni chanya. 2+ ni ya mashaka, hupimwa tena kwenye jeni. Kazi kubwa ya HER2 ni kuonyesha nani atafaidika na dawa gani, kwa hiyo ni kiashiria cha mwitikio wa dawa. Katika utafiti wa ToGA uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa wenye HER2 chanya ambao saratani yao ilikuwa imefika mbali walipewa tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani. Nusu ya walioongezewa trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, waliishi zaidi ya miezi 13.8, kwa wasioongezewa, nusu waliishi zaidi ya miezi 11.1.

Tarakimu hizo zinakuonyesha kwa nini "kunusurika" hakufai. Basi limepinduka, wewe umetoka mzima: huko ndiko kunusurika. Hapa kinachopimwa ni muda, basi sema "muda wa kuishi". Wala usiandike "wastani wa miezi 13.8". Wastani ni kujumlisha na kugawanya, na hii ni miezi ya mgonjwa aliye katikati wote wakipangwa kwa foleni.

Mimi ningeandika: "Protini viashiria zinazosaidia kukadiria muda wa kuishi wa wagonjwa wa saratani ya mfuko wa chakula." Mchapaji akikuambia ni ndefu, kata "viashiria". "Zinazosaidia" usiiguse.